Jinsi Bwana Alivyoniondolea Hofu ya Kupimwa Moyo

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, na apewe sifa pia na ninyi mliokaa nje kwenye majani kwa sababu ndani nafasi imekwisha. Padri amenipa ruhusa ya kusema baada ya Misa, akaniomba niseme kwa ufupi. Nitajitahidi. Lakini wengi wenu mnamjua mama yangu, Ma Pelagia, na mnajua kwamba katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kusema jambo kwa ufupi.

Mimi ni Deogratias, mtoto wa hapa hapa, kilima kile unachokiona ukitokea barabara ya Muleba. Kazi yangu ni kuendesha ndege ndogo za serikali. Napeleka dawa, nabeba wagonjwa, na mara nyingine nambeba ofisa anayefumba macho kuanzia tunaporuka hadi tunapotua. Lakini sikusimama hapa kusimulia habari za ndege. Nimesimama kushuhudia jinsi Bwana alivyonitoa katika hofu iliyonikalia kifuani tangu utoto, akatumia kitu kile kile nilichokiogopa kuliko vyote, yaani kipimo cha daktari.

Ndugu zangu, tata, baba yangu mzazi, alifariki nikiwa bado mdogo, sijaanza shule. Nakumbuka wanaume wakimpandisha kwa machela kwenda barabarani. Meno yake yalikuwa yamekazana na kifua kimenyanyuka juu kama cha mtu anayetaka kuvuta pumzi asiweze. Walimpeleka hospitali Bukoba. Walipomrudisha, walimrudisha kuzikwa.

Baada ya matanga, shangazi yangu Veneranda, dada yake tata, aliniita jikoni. Akanipangusa uso kwa kanga yake, akaniambia, "Mwanangu, wanaume wa nyumba hii wanakufa kwa moyo. Babu yako moyo. Baba yako mkubwa moyo. Sasa na tata wako. Hawafikishi mvi. Wewe ujitunze."

Aliniambia kwa upendo. Hakukuwa na ubaya ndani yake. Lakini maneno yale yaliingia yakakaa. Kuanzia siku ile nilikuwa mtoto anayesikiliza moyo wake. Wenzangu wakikimbia kwenda mtoni, mimi nilisimama njiani nikaweka mkono kifuani kuhesabu kama bado unapiga. Nilipokwenda kusoma Kashozi nilipenda sana mpira, nikachagua kuwa golikipa, kwa sababu golikipa hakimbii. Na kila nilipofika Bukoba mjini nilizunguka njia ya mbali ili nisipite mbele ya hospitali. Watu walidhani naogopa harufu ya dawa. Niliogopa daktari aniwekee kile chombo cha kusikilizia kifuani, akasikie kifo kikiningoja.

Ukaja Uhuru. Tulicheza ngoma, tukaimba hadi sauti zikakauka. Baadaye nikawa mwalimu wa shule ya msingi kule kule Kashozi. Mwaka mmoja redio ikatangaza kwamba nchi inatafuta vijana waliosoma hesabu na fizikia ili wafundishwe urubani, kwa maana wageni waliokuwa wakiziendesha ndege walikuwa wanaondoka, na ndege haiwezi kujiendesha yenyewe.

Ndugu zangu, nilikuwa nikizipenda ndege tangu nilipoiona ya kwanza ikitua pale uwanjani Bukoba, karibu na maji. Nilikwenda kwenye usaili nikafaulu. Alifaulu pia rafiki yangu Yusufu, kijana Mwislamu wa Rwamishenye ambaye baba yake alikuwa na duka la nguo. Tulirukaruka barabarani kama watoto. Ndipo ofisa akatuambia, "Limebaki jambo moja dogo. Mtakwenda Dar es Salaam kupimwa na daktari wa marubani. Macho, masikio, damu, mapafu na moyo."

Aliposema moyo, mkono wangu ukaenda wenyewe kifuani.

Habari zikafika kijijini kabla yangu. Wakati huo ndio kwanza tulikuwa tumeanza shamba la kijiji, na mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Kaloli, huyu huyu anayecheka pale mbele. Aliwasimamisha watu wakiwa na majembe mikononi akasema, "Ndugu wananchi, kijiji chetu kinalipatia taifa rubani. Kuanzia leo mwili wa Deo ni mali ya kijiji. Asipande mti. Asibebe gunia. Asipigwe na mvua."

Kila mtu akawa daktari wangu. Kikongwe mmoja alinikataza kutazama moto, ati unakausha macho. Mwingine akaniletea senene waliokaushwa msimu uliopita, akasema wanaongeza nguvu ya kuona mbali. Nikipita njiani mtu ananishika mkono ananigeuzia ziwani, "Deo, ile meli kule chini imeandikwaje?" Nikikosea wanaenda kumwambia mama, naye ananiongezea maziwa. Nililishwa ndizi kwa samaki, ndizi kwa maharage, ndizi kwa nyama, mpaka suruali zikakataa kufunga. Yusufu alikuja siku moja kwa baiskeli, akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akauliza, "Wewe unaandaliwa kupimwa au kuchinjwa?"

Akaanza kunikimbiza kila asubuhi kwenye barabara ya kwenda Kemondo, kupanda na kushuka. Nilikimbia huku nimeshika kifua. Akaniuliza, "Unaumwa?" Nikamjibu, "Nimebanwa tu na shati." Nilikuwa naomba kila siku, ndugu zangu, lakini sikuwa naomba kufaulu. Nilikuwa namwomba Mungu daktari yule awe likizo.

Hakuwa likizo.

Tulivuka ziwa kwa meli hadi Mwanza, tukapanda treni hadi Dar es Salaam. Kipimo cha macho kilikwenda vizuri, nikasoma herufi zote hadi zile ndogo za chini. Nikafunguliwa kitabu chenye vidoa vya rangi nyingi, nikaona tarakimu zilizofichwa ndani yake. Masikio mazuri. Mapafu mazuri. Kisha nikaingizwa chumba cha daktari mwenyewe, mtu mzima, mpole, mwenye sauti ya chini. Akanifunga mkononi kile kitambaa cha kupima presha, akapuliza hewa. Nikahisi kinanibana mkono. Masikioni nikasikia moyo wangu ukipiga kama mtu anayegonga mlango.

Akapima. Akaniambia nilale kidogo. Akapima tena, akatikisa kichwa.

"Kijana, presha yako iko juu na moyo unakwenda mbio. Katika ukoo wenu kuna ugonjwa wa moyo?"

"Upo, daktari. Babu yangu. Baba yangu mkubwa. Na baba yangu."

Akaweka kalamu chini. "Nani aliwapima?"

"Sijui."

"Baba yako alifia hospitali?"

"Ndiyo."

"Hospitali ilisema amekufa na nini?"

"Mimi niliambiwa na shangazi, daktari."

Akaifunga fomu yangu. Akasema, "Sikufelishi leo, wala sikupitishi. Nenda nyumbani ukamuulize mama yako baba yako alikufa na nini hasa. Presha yako ipimwe mara kwa mara na mtu wa zahanati. Utarudi na kundi linalofuata. Ukirudi hivi hivi, sitaweza kukuruhusu kuruka."

Yusufu alipita. Alinisindikiza hadi stesheni amebeba sanduku langu. Treni ilipoanza kuondoka alipaza sauti dirishani, "Nitakushikia kitanda bwenini, jirani na changu!" Nililia hadi Morogoro.

Niliposhuka meli Kemondo nilikuwa na hakika kwamba nimesikia hukumu yangu. Shangazi alisema kweli, ndivyo nilivyowaza, na sasa hata vyombo vimethibitisha. Kijijini niliwaambia tu kwamba nimetakiwa kurudi baadaye. Mzee Kaloli hakunilaumu. Aliniletea jembe akasema, "Basi wakati unasubiri utalima na sisi."

Chakula hakikupita. Mama alipika, mimi nikasukuma sahani. Wiki zikapita nami sijamuuliza lile swali. Ndugu zangu, nyumba nyingine zina neno ambalo halitamkwi, na kila mtu anajua kulizunguka bila kufundishwa. Kwetu neno hilo lilikuwa kifo cha tata. Mama akisikia mtu anakaribia kulitaja aliinuka akaenda kutafuta kuni, hata kama kuni zipo.

Nilikwenda zahanati ya misheni kupimwa kama nilivyoagizwa. Aliyekuwepo ni Sista Adelina, ambaye wengi wenu aliwazalisha. Akapima, akakunja uso.

"Umekuja mbio?"

"Hapana, Sista. Nimekaa kwenye benchi muda mrefu."

"Basi unaogopa nini?"

Nami nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kulitoa neno lile mdomoni. Nilimwambia juu ya babu, baba mkubwa, tata, na maneno ya shangazi jikoni. Sista hakunicheka wala hakunihurumia. Akauliza, "Mama yako anasemaje?"

"Sijamuuliza."

"Deo, mimi napima mkono tu. Hilo lingine siwezi kukupimia. Nenda ukamuulize leo. Mimi nafunga zahanati naingia kanisani, na sitatoka mpaka nijue umeshamuuliza."

Nilijua hatanii. Nikaona haya Sista akeshe amepiga magoti kwa sababu yangu, nikaenda.

Nilimkuta mama nyuma ya nyumba, chini ya migomba, anamenya ndizi. Jua lilikuwa bado juu. Nikakaa chini mbele yake.

"Mama, tata alikufa na nini?"

Kisu kikasimama. Nilidhani atainuka kwenda kutafuta kuni. Hakuinuka.

"Nani anauliza?"

"Daktari wa marubani anauliza. Na mimi nauliza."

Akasema bila kunitazama, "Alijikata mguu kwa jembe, hapo hapo kibanjani, kwenye migomba hii. Jeraha dogo. Akalifunga kwa jani, akaendelea kulima. Baada ya siku kadhaa taya zikakazana. Hospitali daktari aliniambia ni pepopunda. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika miguu. Mgongo wake ulipinda, Deo, ukapinda kama upinde. Sikutaka kulitamka neno lile tena, kwa sababu nikilitamka namwona."

"Haukuwa moyo?"

"Moyo wake ndio uliokataa kukubali. Ulipiga mpaka mwisho."

"Na babu?"

"Babu yako alizama. Mtumbwi uliwapindukia wakivuka kwenda kisiwani."

"Na baba mkubwa?"

"Homa. Alirudi nayo kutoka vibarua vya Uganda. Nani alikuambia ni moyo?"

Nikamwambia. Akaweka kisu chini.

"Shangazi yako alimpenda sana kaka yake. Alikiona kile kifua kimenyanyuka, akadhani ni moyo, na watu matangani wakamwambia hata wale wawili ni mioyo iliyosimama, naye akaamini. Sikujua kwamba alikuambia. Mwana wange, umekuwa na jambo hilo peke yako tangu matanga?"

"Ego, mama. Tangu siku ile ile."

Ndugu zangu, watu walikuwa wamechukua misiba mitatu, kila mmoja na sababu yake, wakaishona pamoja ikawa laana moja, nami nikaivaa kama shati. Mama alipangusa mikono yenye utomvu wa ndizi, akaweka kiganja chake juu ya kifua changu. Akaomba kwa Kihaya, maneno machache: "Mukama, mtoto huyu ni wako, na moyo huu ni wako. Uliutengeneza ukiwa mzima. Mwondolee kitu ambacho hukumpa." Akasema amina.

Wengine hushuhudia kwamba waliona mwanga, na mimi siwapingi. Mimi sikuona mwanga wala sikusikia sauti. Nilisikia njaa. Njaa kubwa, ya ghafla, kama ya mtu aliyetoka safari ndefu. Nikamwambia mama, "Naomba chakula." Nilikula kiporo cha asubuhi, nikala ndizi alizokuwa anamenya zilipoiva, nikala na mgao wake. Alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikacheka, halafu tukalia, halafu tukacheka tena. Kisha nikakimbia kwenda kumwambia Sista atoke kanisani. Nilikimbia, ndugu zangu, na sikushika kifua.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kilinyooka siku hiyo. Kesho yake presha ilikuwa imeshuka kidogo tu. Mwili ulikuwa umezoea kuogopa, na ulihitaji kufundishwa upya. Sista akasema, "Bwana ameshafanya sehemu yake, sasa tufanye yetu." Kila asubuhi baada ya Misa nilikaa naye. Akanifundisha kupuliza kile kitambaa mwenyewe. Nilimpima yeye, nikawapima akina mama waliokuja na watoto, nikampima Mzee Kaloli ambaye alikodoa macho kama aliyeshikwa na polisi. Polepole kile kitambaa kikawa kitambaa tu. Mchana nililima shamba la kijiji na kubeba mawe ya kujengea madarasa. Moyo ulipiga kwa nguvu kilimani, nami nikauacha upige, kwa maana hiyo ndiyo kazi yake.

Nilikwenda pia kwa shangazi Veneranda. Niliogopa nitamuumiza. Nilipomaliza kumweleza, aliinama, machozi yakamtoka. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo hata mimi sina?" Kumbe, ndugu zangu, na yeye alikuwa mfungwa. Alikuwa wa damu ile ile, na miaka yote hiyo alikuwa halali upande wa kushoto, akiogopa kuubana moyo wake. Nilimchukua kwa Sista, akapimwa, akaambiwa ni mzima. Huyo pale amekaa na vitenge vipya. Analala upande anaoutaka.

Wakati ulipofika nilirudi Dar es Salaam. Safari hii sikumwomba Mungu ampe daktari likizo. Alikuwa yule yule, na alinikumbuka.

"Ulimuuliza mama?"

"Nilimuuliza, daktari." Nikamweleza jembe, mguu, na pepopunda. Nikamweleza mtumbwi na homa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana kwa baba yako," akasema. "Vua shati."

Akapima presha. Akaniwekea kile chombo cha kusikilizia, cha baridi, upande huu, upande ule, mgongoni, akaniamuru nichuchumae na kuinuka, akasikiliza tena. Mimi nilikuwa nimefumba macho.

"Mbona unatabasamu?"

"Namshukuru Mungu, daktari."

"Ngoja kwanza nimalize."

Alimaliza. Akavua chombo masikioni akakining'iniza shingoni, akanipa mkono. "Moyo mzuri kabisa. Nenda ukajifunze kuruka."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za jengo lile. Yusufu alikuwa ameomba ruhusa kwenye shule ya urubani akaja kunisubiri. Aliponiona nimekaa chini alidhani nimefeli, akaja anakimbia na pole mdomoni. Nilipomwambia, alinyanyua mikono akamshukuru Mungu kwa namna yao, na mimi kwa namna yetu, watu wakipita wakitushangaa. Na kitanda alikuwa amekishika kweli.

Siku ya kwanza niliyotua Bukoba nikiwa rubani, kijiji kilikuja na ngoma. Mama aliikaribia ndege, akaigusa ubavuni kama mtu anayemgusa ng'ombe mgeni. Akaniuliza, "Ukiwa juu unaliona kaburi la tata wako?"

"Naona migomba iliyolizunguka, mama."

"Basi ukipita uwe unamsalimia."

Akalitaja jina lake, jina lote, mbele ya watu wote, jambo ambalo hakulifanya tangu mazishi. Halafu akawasimulia akina mama waliokuwa karibu jinsi alivyokuwa mcheshi, alivyocheza ngoma vibaya, alivyompeleka sokoni Muleba akamnunulia viatu visivyomtosha. Sikuwahi kuyasikia hayo. Ndugu zangu, nilipewa anga siku ile, na nilirudishiwa baba. Ni kipi kikubwa zaidi, mimi siwezi kusema.

Namshukuru Mungu aliye hai. Namshukuru mama, Sista Adelina, shangazi yangu, na kijiji hiki kilichonilisha hadi nikawa mnene.

Na sasa nasema na wewe uliyeketi hapa ukiwa na hofu moyoni ambayo hujamwambia mtu. Pengine uliambiwa ukiwa mdogo kwamba kwenu mnakufa kwa kitu fulani, na tangu hapo unaishi ukikisubiri. Pengine kweli kipo, mimi si daktari. Ila Bwana ninayemjua mimi haogopi kipimo, wala haogopi swali, na ukweli wowote utakaoukuta, yeye atakuwa ametangulia kufika. Mtegemee. Uliza wenye kujua. Kapimwe. Zahanati inafunguliwa kesho baada ya Misa ya asubuhi, na mimi siondoki mpaka Jumanne. Ukiona vigumu kwenda peke yako, njoo unishike mkono. Tutakaa wote kwenye benchi mpaka tuitwe, na tutaingia wote.